Shuka Juu ya Kichaka

Katapila lililoletwa Mpanda mwaka 1954 lilikuwa dogo. Watu waliokuwa wamefanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Urambo, ambako mashine kubwa zilikuwa zikilaza pori kama mtu anayefyeka nyasi, walilicheka liliposhushwa kwenye behewa. Upana wake haukuzidi urefu wa mtu aliyelala. Lakini aliyelinunua, Kalasinga mwenye biashara ya mbao ambaye watu wote walimwita Singa, alijua alichokitaka. Hakuwa na haja ya kulaza pori. Alitaka magogo ya mninga na mkora, mti mmoja hapa na mwingine kule, na alitaka mashine itakayopita katikati ya miti mingine bila kuiangusha.

Kazi ilifanyika hivi. Katapila lilisimama njiani, na nyuma yake palikuwa na winchi, yaani pipa la chuma lililozungushiwa kamba ndefu ya waya. Mtu mmoja aliivuta kamba hiyo hadi gogo lilipolala, akalivika kitanzi, akajiweka kando, akatoa ishara. Dereva, akiwa amegeukia nyuma juu ya kiti chake, alivuta mkono wa winchi, gogo likaja. Injini ilimeza sauti za watu, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kupiga kelele. Kila jambo lilikwenda kwa macho. Singa alikuwa na sharti moja alilolirudia kila asubuhi: dereva asivute mpaka auone uso wa mtu wa kitanzi pamoja na mkono wake ulioinuliwa. Vyote viwili. Mkono peke yake, alisema, unaweza kuwa wa mtu anayefukuza nzi wa ndorobo.

Dereva aliitwa Gelasius. Alizaliwa Karema, kando ya ziwa, akajifunza kuendesha katapila Urambo, na mashamba ya karanga yalipokufa akaifuata reli mpya hadi Mpanda. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwangalifu na mashine, na Singa alimwamini kiasi cha kumwachia ufunguo wa pipa la dizeli. Alikaa Makanyagio, mtaa mmoja wa Mpanda, na mkewe Eufrazia, binti wa kijiji cha Litapunga, ambaye alifunga naye ndoa kanisani miaka mitatu kabla ya hapo.

Baba yake Eufrazia, Marselino, alikuwa mpasuaji mbao wa zamani. Kabla ya katapila, mbao zilipasuliwa hukohuko porini: shimo linachimbwa, gogo linalazwa juu yake, mtu mmoja anasimama juu na mwingine anaingia chini, nao wanavutana msumeno kutwa nzima. Marselino alikuwa mtu wa juu, anayeshika mstari. Magogo yalipoanza kuvutwa hadi kwenye msumeno wa mashine karibu na stesheni, mashimo yaliachwa, yakajaa majani. Wapasuaji wengine walirudi kwenye mahindi yao bila manung'uniko. Marselino naye alikuwa na shamba, na shamba lilimlisha, ila kila jioni aliutoa msumeno wake mrefu, akakaa nao mbele ya nyumba na kuunoa kwa tupa. Eufrazia alipokwenda kuwasalimu wazazi alimkuta hivyo, na safari iliyofuata akamkuta hivyohivyo. Aliporudi Makanyagio alimwomba mumewe amtafutie baba yake kazi kwa Singa, kazi ya kufunga kitanzi.

Gelasius hakujibu siku hiyo wala ya pili yake. Sababu ya kunyamaza kwake waliijua wote wawili. Katika ukoo wa Marselino, mume wa binti hakumtazama usoni baba wala mama wa mkewe. Hakuyataja majina yao, hakusema nao moja kwa moja, na wakikutana njiani yeye ndiye aliyeingia majanini. Hali hiyo ilidumu mpaka azaliwe mtoto wa kwanza. Hapo mkwe alipeleka mbuzi, watu wakala, na mzee mmoja wa ukoo akatangaza kwamba macho yamefunguliwa. Tangu siku hiyo wakwe waliweza kutazamana na kuzungumza kama watu wengine. Gelasius alikuwa bado hajafunguliwa. Lakini Eufrazia alikuwa mjamzito, na mtoto alitarajiwa mvua zikikolea.

Kasilda, mama yake Eufrazia, alilikataa wazo hilo mara tu alipolisikia. Alisema wakwe hawashiki kamba moja. Eufrazia alimjibu kwamba ni suala la miezi michache tu, na kwamba baba ataumaliza ule msumeno kwa kuunoa. Kasilda akasema mambo ya miezi michache yasubiriwe miezi michache. Hata hivyo Marselino mwenyewe alikwisha kusikia, na alipoulizwa kama angependa, alisimama, akaurudisha msumeno darini. Baada ya hapo hapakuwa na njia ya kukataa. Kumwepuka mkwe ni heshima. Kumnyima mkwe kazi aliyokwisha kuikubali ni tusi. Gelasius akamwambia Singa, na Singa akakubali papo hapo, kwa kuwa alifahamu kuwa Marselino aliweza kulitazama gogo lililolala na kusema litabingirikia upande gani.

Hakuna aliyemweleza Singa kuhusu ule mwiko. Hawakuuficha. Hawakuwahi kufikiri tu kwamba jambo la nyumbani linaihusu winchi.

Asubuhi ya kwanza walilitambua hilo. Marselino alilifunga gogo, akajiweka kando, akainua mkono. Gelasius alikuwa amekaa juu ya kiti chake, uso ameuinamisha, anatazama viatu vyake. Injini iliunguruma na hakuna kilichovutwa. Aliyewatoa katika mkwamo huo alikuwa Adolf, mkata miti kwa shoka kutoka Ufipa, mtu wa mzaha, aliyekuwa ameoa upande wa akina Marselino na aliyeyajua mambo yao. Aliweka shoka chini, akachukua kitambaa chekundu ambacho Singa alikitoa kwa ajili ya kufunga kwenye ncha za magogo marefu barabarani, akaenda kusimama katikati yao. Marselino alimwashiria Adolf kwa kichwa, Adolf akainua kitambaa, na Gelasius akamtazama Adolf. Uso ulionekana na mkono ulionekana. Singa, aliyepita baadaye siku hiyo, aliona watu watatu wakifanya kazi ya wawili, akauliza. Adolf akamjibu kuwa mteremko ule ni mbaya na jicho la ziada halidhuru. Singa aliutazama mteremko, akakubali.

Palipokuwa na jambo la kusema, walisema kwa njia ya kawaida ya wakwe: kila mmoja alikiambia kitu kingine, na mwenzake akasikia. Marselino aliyasemesha magogo. Gelasius alilisemesha katapila.

"Wewe gogo," Marselino alikuwa akisema injini inapozimwa, "kwenye kisiki kile utakwama. Afadhali uvutwe kwa upande wa mkono wa kushoto."

"Katapila," Gelasius alikuwa akijibu, akiwa amelipa mgongo gogo, "tusogee kidogo, tuvute kutoka kushoto."

Adolf alikuwa akiwasikiliza na kutikisa kichwa. "Mimi nafanya kazi na vichaa wawili," aliwaambia wakata shoka wenzake wakati wa kula. "Mmoja anazungumza na mti, mwingine anazungumza na chuma, na nyie mnaona vinaelewana kuliko sisi."

Walicheka wote, hata Marselino, aliyekula peke yake upande wa pili wa kichaka ili mkwe wake asimwone akitafuna.

Kuhusu mavazi ya Marselino kuna jambo la kueleza. Alivaa kaptula ya kaki na juu yake akajifunga shuka nyeusi kiunoni, iliyofika chini ya magoti. Shuka ni vazi baya kwa kazi ya kitanzi. Hunasa kwenye miiba na humzuia mtu kuruka. Wengine walimshauri aivue. Yeye alikataa, akasema amezoea. Ukweli ni kwamba kaptula ilikuwa imechanika nyuma, kuukuu isiyokubali tena uzi. Kasilda alikwisha kuishona mara nyingi. Angeweza kufanya kazi hivyo mbele ya mtu yeyote mwingine, wala asijali. Hakuweza mbele ya mume wa binti yake. Shuka ilikuwa kwa ajili ya Gelasius, na Gelasius alilijua hilo, kwa sababu siku moja upepo uliiinua, naye alishuka kwenye katapila akaenda kukagua kitu mbele ya injini ambacho hakikuhitaji kukaguliwa.

Kiangazi kikasonga. Majani ya miombo yakapukutika, moto ukapita kwenye nyasi, pori likawa wazi kiasi kwamba mtu alionekana kutoka mbali. Kazi ikawa nyepesi. Eufrazia alianza kuwasimulia watu jinsi wakwe wawili walivyolishwa na kamba moja, akasema mama alikuwa na wasiwasi wa bure. Gelasius alikwisha kumnunua mbuzi, akamfunga nyuma ya nyumba, na Eufrazia alikuwa akimletea majani.

Mwishoni mwa Septemba Adolf aliamka na homa. Alifika kazini, akajaribu, akashindwa. Kichwa kilimuuma hata akakifunga kwa kile kitambaa chekundu, akakikaza kwa nguvu kama wanawake wafanyavyo. Kabla jua halijapanda sana aliaga, akaelekea kwake akiwa bado amekifunga. Hakuna aliyekumbuka kukidai. Walibaki Marselino na Gelasius, na magogo mawili ya mninga yaliyolala chini ya mteremko. Wakata shoka walikuwa mbali, upande wa pili wa bonde. Lori la Singa lilikuwa lifike mchana.

Njia iliyo sawa ilikuwa kusimamisha kazi. Gelasius angeweza kuzima injini na kwenda kumwita mmoja wa wakata shoka. Baadaye alisema alilifikiria hilo. Lakini kuzima na kuondoka bila neno kungekuwa kama kumwambia mkwe wake kwamba hafai, na neno lenyewe hakuwa na njia ya kumpa. Wakati bado anatafuta namna ya kuliambia katapila, Marselino alikwisha kuliambia gogo.

"Gogo, leo hatuna bendera," alisema. "Ukiiona shuka yangu juu ya kichaka hiki, ujue nimekwisha kutoka, njia ni nyeupe, ondoka."

Gelasius alisikia. Aliwasha injini.

Gogo la kwanza lilivutwa salama. Gelasius aliona shuka nyeusi ikitandazwa juu ya kichaka, akaelewa katika nukta ileile kitu gani kilikuwa kimebaki bila kufunikwa, akageuza uso mbele. Alivuta mkono wa winchi huku akikitazama kipimo cha joto la maji. Gogo likafika. Marselino aliirudia shuka yake, akajifunga, akaivuta kamba tena kwenda chini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: ishara ya kwamba vuta ilikuwa pia ishara ya kwamba usitazame. Wote wawili walikuwa watu wa akili. Walikuwa na mikono mizuri na uzoefu mrefu, na mmoja wao alilijua sharti la Singa kwa moyo. Hakuna kati yao aliyeliona hilo, kwa sababu kila mmoja alikuwa anashughulika kumstahi mwenzake.

Gogo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Marselino alilivika kitanzi, akapanda pembeni, akaivua shuka, akaitandaza juu ya kichaka. Gelasius aliiona, akageuka. Kilichotokea baada ya hapo hakuna aliyekishuhudia. Mtaimbo ulikutwa umechomekwa chini ya ncha ya gogo, penye kisiki kilichofichwa na majivu ya nyasi. Kwa hiyo inaelekea Marselino, baada ya kutoka, aliona kwamba gogo litakwama, akarudi upesi kuliinua kidogo. Huenda aliamini kwamba dereva atamwona. Pori lilikuwa wazi, na dereva yeyote angemwona.

Kamba ilikaza. Gogo liligonga kisiki, likaruka kwa upande, likambana Marselino kwenye shina la mti wa mtundu.

Gelasius alihisi mzigo ukigoma, akageuka kutazama kamba. Ndipo alipomwona. Alilegeza winchi, akaruka, akateremka mbio. Gogo lilikuwa limeondoka juu ya Marselino, naye alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye shina, miguu imenyooka. Alikuwa hai. Gelasius alipiga magoti mbele yake, na hata hapo alikuwa bado ameyashusha macho, yakawa hayaoni ila majivu na mkono wa mzee. Mkono ulisogea. Ulikuwa unaelekea kwenye kichaka.

"Nifunike," Marselino alisema.

Hakuliambia gogo. Gelasius alisimama, akaichukua shuka, akamfunika kuanzia kiunoni hadi miguuni, akazikunja ncha zake chini ya mapaja kama mtu anayemlaza mtoto. Baada ya hapo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Aliona kwamba unyusi wa kulia ulikatika karibu na mwisho, kipande kidogo hakikuota nywele. Eufrazia alikuwa na mkatiko uleule mahali palepale. Miaka yote mitatu Gelasius alikuwa akidhani ni kovu la kuanguka utotoni, na hakuwahi kuuliza.

Marselino alikufa kabla ya wakata shoka kulivuka bonde.

Boma lilituma afisa kuchunguza. Alikuwa kijana, mwenye Kiswahili kizuri na subira, akauliza maswali yaliyostahili kuulizwa. Alikaa juu ya gogo lilelile. Alitaka kujua dereva alikuwa akitazama wapi wakati wa kuvuta. Gelasius akajibu kwamba alikuwa akitazama kipimo cha maji. Afisa akauliza kwa nini. Gelasius aliwatazama waliokuwapo. Singa alikuwa amesimama pale, na wakata shoka, na ndugu watatu wa marehemu kutoka Litapunga. Ili aeleze, ingembidi aseme mbele yao wote kwamba marehemu alikuwa na kaptula iliyochanika. Afisa, kwa nia njema, alimsaidia: je, injini ilikuwa inachemka? Gelasius akasema siku hiyo kulikuwa na joto. Hilo likatosha. Ilionekana kwamba dereva alishughulika na mashine yake wakati marehemu aliporudi kwenye gogo bila kutarajiwa, na kwamba ilikuwa ajali. Njiani, wakiwa wawili, Singa alimuuliza Gelasius, "Mimi nilisema nini kila asubuhi?" Gelasius akamjibu, "Uso na mkono." Singa akangoja. Hakupata nyongeza, akaacha kungoja.

Maziko yalifanyika Litapunga. Katekista aliongoza sala. Gelasius alichimba kaburi pamoja na wengine, akalichimba muda mrefu kuliko zamu yake, na hakuna aliyempokonya jembe. Eufrazia alilia na wanawake wenzake, akiwa na tumbo kubwa, na wanawake wakamkataza asiusogelee mwili.

Baada ya maziko Kasilda aliomba kuzungumza na mkwe wake. Alikaa ndani, ameelekea ukuta. Gelasius alikaa mlangoni, amewapa mgongo walio ndani. Eufrazia alikaa kati yao kwenye mkeka. Watu walitarajia Kasilda alaumu. Alikuwa na haki. Alikwisha kusema tangu mwanzo. Lakini aliuuliza ukuta swali moja tu.

"Shuka ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa juu ya kichaka," Gelasius aliwaambia kuku waliokuwa uani.

Kasilda ndiye aliyekuwa akiishona ile kaptula. Alisema, kwa sauti ya kawaida, kwamba amesikia, na kwamba mkwe apewe chakula kwa kuwa hajala tangu jana. Eufrazia alimtazama mama yake, akautazama mgongo wa mumewe, naye pia akaelewa, kwa sababu alikulia katika nyumba ile.

Hakuna aliyemshtaki Gelasius kwa lolote. Walirudi Makanyagio, mvua za kwanza zikanyesha, katapila likafunikwa turubai kwenye yadi ya Singa kusubiri njia zikauke. Gelasius alikuwa nyumbani siku nyingi. Alichota maji mkewe alipokuwa mzito, akapasua kuni, akalima bustani. Eufrazia hakugundua mara moja. Aligundua polepole, kama mtu anavyogundua kwamba paa linavuja kwa kuona sakafu ina unyevu: mumewe alikuwa akizungumza na sufuria. Alikuwa akizungumza na mlango, na mbuzi. Alikuwa mpole kuliko zamani, na kila alichosema kilimhusu yeye Eufrazia, lakini hakikuelekezwa kwake. Akimpa chakula alitazama bakuli. Wakikutana mlangoni, alimpisha, akaingia majanini.

"Gelasius," alimwambia siku moja, wakiwa wanapukuchua mahindi. "Nitazame."

Alijaribu. Macho yake yalipanda kutoka mikononi mwa mkewe hadi kwenye mtandio wake, yakafika kidevuni, yakasimama. Eufrazia aliona jasho likimtoka puani. Hakumlazimisha. Aliugusa unyusi wake mwenyewe kwa kidole chenye vumbi la mahindi, akauhisi ule mkatiko, akaendelea kupukuchua.

Mtoto alizaliwa Januari, wa kike. Walimwita Romana. Mila haikungoja, wala hapakuwa na sababu ya kuizuia: mbuzi alikuwapo, na mkwe mmoja alikuwa bado hai. Kasilda alikuja Makanyagio pamoja na mzee wa ukoo wao, kaka wa Marselino, na majirani wawili. Mbuzi alichinjwa. Kasilda aliketi kwenye kigoda, Gelasius akaketi mbele yake, na yule mzee akasema maneno yanayosemwa, kwamba mtoto ameziunganisha nyumba hizi mbili na tangu leo hakuna kufichana. Akamwamuru Gelasius ainue uso.

Gelasius aliinua. Alimtazama Kasilda bila tabu. Alikuwa mama mfupi, mwenye mashavu yaliyoingia ndani, na uso wake haukufanana na wa mtu yeyote aliyemjua. Kasilda naye alimtazama. Alimwambia moja kwa moja, "Karibu, mwanangu," akamshika mkono. Watu wakapiga vigelegele, nyama ikaletwa.

Halafu Eufrazia akatoka ndani akiwa amembeba mtoto, akamweka mapajani mwa Gelasius, akainama kuzirekebisha nguo, na uso wake ukawa karibu na wa mumewe. Gelasius aligeuka upande. Aligeuka taratibu, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Kasilda aliona. Mzee aliona, akajifanya anatafuta tumbaku.

Walipokuwa wanajiandaa kuondoka, Eufrazia alifunga nguo zake na za mtoto. Alisema anakwenda kwa mama apumzike mpaka mtoto apate nguvu. Ni jambo la kawaida kwa mzazi wa mara ya kwanza, na majirani walilipokea hivyo. Gelasius aliwasindikiza hadi mwisho wa nyumba za Makanyagio, akiwa amebeba furushi. Pale alimkabidhi Kasilda furushi hilo, akamtazama usoni na kumtakia safari njema. Eufrazia alisimama akisubiri. Gelasius aliuaga mti uliokuwa kando yake.

Eufrazia alingoja kidogo, kama kwamba neno la pili lingefuata, kisha akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaondoka na mama yake. Masika yakapita na mtoto akapata nguvu, naye hakurudi. Katika ukoo wake hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwezi Juni njia zilikauka, na katapila likatolewa yadini. Adolf ndiye aliyepewa kitanzi. Siku ya kwanza alilifunga gogo la mkora, akajiweka kando, akainua mkono. Gelasius alikuwa amegeuka nyuma juu ya kiti chake, kama inavyotakiwa, anamtazama. Uso aliuona, mkono aliuona, na bado hakuvuta. Adolf alitikisa mkono, akauinua tena. Gelasius aliendelea kumtazama usoni, macho hayapepesi, injini inaunguruma, kamba imelala majanini. Adolf alitabasamu, akapiga mzaha ambao haukusikika. Baadaye tabasamu likamwishia.

Adolf ndiye aliyegeuza uso kwanza. Gelasius akangoja amgeuzie tena.